Zamu ya Mwalimu Nyambu

Mwadime mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naiona. Uko pale nje ya jiko, unaipiga pasi suruali ile ile uliyoipiga asubuhi, na makaa unayotumia ni yale niliyoweka ya kupikia chakula cha jioni. U mzima kabisa. Mimi ndiye nashikilia tu.

Nimekuja kukaa hapa darasani kwangu, ng'ambo tu ya ua wetu, kwenye dawati la watoto wa darasa la kwanza, magoti yakikaribia kidevu, kwa sababu pale nyumbani hakusemeki. Tangu jana kila nikifungua mdomo unanijibu, "Mama, nimesikia." Umesikia nini, na mimi bado sijasema? Nilitaka kukueleza habari ya Mwalimu Nyambu ukaniambia umesikia, nikaenda kuchambua maharagwe. Maharagwe yamekwisha na hasira yangu bado ipo. Basi naandika, maana karatasi haitanikatiza.

Habari za chandarua, na kuchemsha maji, na kwenda kanisani, na kutovaa viatu vyeupe kwenye vumbi lile, sitaandika. Nimeyasema mpaka shangazi yako akaniomba nikuhurumie. Wewe si mtoto, una cheti kikubwa kuliko changu, na wamekupa shule uiongoze. Ukishindwa kuchemsha maji, shauri yako. Na yule mbuzi niliyemfunga nyuma ya jiko, usiniulize tena kama tunamchinja kwa ajili ya kukuaga. Hatumchinji. Nitakuambia ni wa nini, lakini nitakuambia kwa mpango wangu mimi.

Nataka tuseme habari ya lile sanduku.

Nakubali, umelitengeneza vizuri. Misumari imezama, bawaba hazilii, na kufuli ulilonunua kule Voi si la mchezo. Redio ya shule ya Kishushe imekaa humo ndani kama mtoto kwenye mbeleko. Jana ulipowaonyesha majirani wakakusifu, nami nikakusifu, kwa nini nisikusifu, mwanangu ana mikono. Halafu ukautia ufunguo kwenye uzi, ukauvaa shingoni, ukasema, "Yule mzee Nyambu hataigusa hii. Si ndiye aliyeiba redio yenu?"

Watu wakacheka. Mimi nikaingia jikoni. Wewe ulidhani nimekwenda kutazama chungu.

Mwadime, Nyambu hakuiba redio. Umelisikia neno hilo huko njiani, kwenye mfereji, dukani Mwatate, na hukosei kulisikia, kwa sababu watu wanalisema mpaka leo. Kesho ukishuka Kishushe utakuwa mkubwa wake kazini, yeye msaidizi wako, na utashuka na neno hilo mdomoni na ufunguo shingoni. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Walimu wa shule ile ni wawili tu. Mkianza vibaya siku ya kwanza, redio ile itakufia sandukuni kama yetu ilivyotufia, na watoto wa wachunga ng'ombe wa kule watakuwa wameipata kwa jina tu.

Wewe wakati ule ulikuwa bweni, unarudi likizo unakula kimanga sufuria nzima, unarudi shule. Ulichokikuta nyumbani kwetu ni redio juu ya meza, imefunikwa kitambaa nilichodarizi maua, na kuku akipata nafasi analala juu yake. Baba yako aliporudi kutoka kazini kwake kwenye reli aliniuliza kama hiyo ni redio au ni kabati. Nilimnunia siku nzima. Hukuwahi kuuliza ilifikaje pale, nami sikuwahi kusema, na sasa nalipa.

Ilikuwa hivi. Mwalimu mkuu wetu alikuwa amepelekwa masomoni mwaka mzima, shule nikaachiwa mimi. Mwanamke, na kamati yote ni wazee wenye kofia. Nilikuwa nimekaza shingo kama mtu aliyebeba mtungi, nikiogopa hata kupiga chafya wasije wakasema unaona, mama ameshindwa. Katikati ya mashaka hayo akaja bwana mmoja wa ofisi ya elimu na gari lake, akateremsha redio, akasema shule imebahatika, Nairobi sasa kuna walimu wanaofundisha hewani, tutege sikio. Akaacha na ratiba ya vipindi, akanywa chai yangu, akaondoka.

Aliyeifunga redio ile ni Nyambu. Wakati ule alikuwa kijana, anafundisha darasa la sita, mwembamba, suruali zake zote fupi. Alipanda mkaratusi mwenyewe akafunga waya juu, akapitisha waya mwingine dirishani mpaka kwenye chuma alichokigongomea ardhini, akaunganisha betri iliyokuwa nzito kama tofali. Mimi nilisimama mlangoni nimekunja mikono. Aliniita mara mbili: Mwalimu, njoo ujaribu kuzungusha hapa. Nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa naiogopa. Niliogopa nikizungusha ikalia vibaya watoto watacheka, nikajiambia mkubwa wa shule hashiki vitu kama hivyo, anashikiwa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa upuuzi wote uliofuata, nataka uujue. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha ujinga wangu mwaka mzima, nikaamua mambo ya kitu ambacho mkono wangu haujakigusa.

Betri ya kwanza tulipewa, lakini nyingine zote ilikuwa juu yetu. Wazazi wakachanga. Si fedha, nani alikuwa na fedha. Walichanga kuku, mayai, kabichi, tukapeleka Mwatate sokoni tukauza, betri ikanunuliwa. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu Nyambu alipowasomea ratiba, vipindi vingi vilikuwa vya darasa la sita na la tano. Kiingereza cha darasa la sita kila Jumanne. Jiografia ya darasa la tano. Wadogo walikuwa na hadithi moja siku ya Ijumaa, basi. Wenye watoto wa darasa la pili wakauliza, kuku wangu alikwenda Mwatate kwa miguu yake, mtoto wangu anasikia nini? Na si swali la kipumbavu, hata leo nasema si la kipumbavu.

Kikao kikawa kirefu. Mzee Mwakio, mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye pia aliyekuwa akisimamia mfereji wetu wa maji, aligonga fimbo mpaka akachoka. Watu walianza kuinuka kwenda zao, na mimi nikaona shule inanifia mikononi. Nikasimama nikasema maneno ambayo wakati ule niliyaona matamu. Nikasema, sisi watu wa mlima huu tumegawana maji ya mfereji tangu babu zetu bila kuuana. Kila nyumba ina zamu yake, mwenye shamba kubwa na mwenye kitalu cha mboga. Ikifika zamu yako unafungua, ikiisha unafunga, hakuna maneno. Kwa nini redio itushinde?

Ungewaona. Waliguna kwa raha mtu na mwenzake. Mzee Mwakio akasema tangu aijue shule ile hajasikia mwalimu akisema neno la mtu mzima, leo amelisikia, tena kwa mwanamke. Nilirudi nyumbani siku ile natembea kama bibi harusi.

Kwa hiyo uninunie vizuri, mwanangu, uwe unajua unamnunia nani. Wazee hawakutunga zamu ile. Niliitunga mimi.

Ikawa sheria. Jumatatu darasa la kwanza, Jumanne la pili, na kuendelea, na wiki inayofuata zamu inasogea, kama maji yanavyosogea, ili asiwepo mwenye kupata asubuhi nzuri kila siku. Haki tupu. Na matokeo yake nakueleza ucheke kidogo kabla sijakuudhi. Darasa la pili walikaa mikono mezani wakasikiliza Kiingereza cha darasa la sita mpaka wakalala, mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Darasa la sita, watoto wenye ndevu wengine, wakasikiliza hadithi ya sungura na mwalimu wa Nairobi akiwaambia wapige makofi. Darasa la nne waliangukia taarifa za bei za mazao siku kipindi kilipobadilishwa, na wakatulia kabisa, kwa sababu ilikuwa zamu yao na hakuna aliyetaka kuipoteza. Kila mzazi aliridhika. Mtoto anarudi nyumbani, anaulizwa, leo mlisikia? Tulisikia. Mlisikia nini? Redio.

Nyambu alikuwa akizunguka nayo kama mganga na mkoba wake. Kiangazi kilipokaza sauti ikafifia, akagundua ile ardhi kwenye chuma imekauka, akawa kila asubuhi anamwaga kibuyu cha maji pale chini, na sauti inarudi. Mimi hata sikumuuliza sababu. Siku moja Mzee Mwakio akapita, akasimama akaangalia, akamwona anamwaga, akasikia redio inapata nguvu. Alikuja mpaka mlangoni kwangu anatikisa kichwa kwa furaha. Akaniambia, Mwalimu, ulisema kweli kuliko ulivyojua, kitu hiki kinakunywa. Tangu siku hiyo hata angekuja malaika kuipinga zamu ile asingesikilizwa. Na mimi, badala ya kumweleza, nilicheka naye. Ningemweleza nini, na mwenyewe sikujua?

Nyambu alinijia ofisini mara nyingi. Mara ya mwisho hakukaa. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa karibu, na Kiingereza cha watoto wetu ulikijua, walikuwa wanakisoma kama wanaogopa kukikanyaga. Kule Nairobi mwalimu wa hewani alikuwa anawafundisha kutamka, anawauliza, anawapa nafasi ya kujibu, na Nyambu alikuwa ameandaa maswali ya kabla na ya baada. Maana alishaligundua jambo ambalo mimi sikulijua, kwamba redio peke yake haifundishi, inahitaji mwalimu aliyeketi karibu nayo akiwatazama watoto usoni. Aliniambia akiwa amesimama:

"Mwalimu, maji hayajui yanaingia shamba la nani. Hii inajua. Inawaita darasa la sita kwa jina, na wewe umewaweka nje."

Nami nikamjibu, "Zamu ni zamu."

Maneno mawili ya mfereji na moja la kuunganisha, nikaona nimejibu. Nilikuwa na chaki mkononi, nakumbuka, nikaendelea kuandika tarehe ubaoni ili asiuone uso wangu. Kwa sababu nilikuwa nimemwelewa, Mwadime. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo nikikaa peke yangu. Ningekuwa sikumwelewa ningejisamehe zamani. Nilimwelewa vizuri sana, na nikahesabu upesi upesi kichwani ni nani nitamuudhi, nikaona ni afadhali kumuudhi kijana mmoja mwenye suruali fupi kuliko kamati nzima.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya darasa la tatu. Nyambu akawatoa darasa la tatu uwanjani, akawapa mpira, akaingiza watoto wake wa darasa la sita, akafunga mlango. Nilisikia kwa ukuta. Nilisikia watoto wale wakijibu sauti moja, halafu Nyambu akimsahihisha mmoja mmoja, halafu kimya cha kusikiliza, halafu tena. Sijawahi kusikia somo kama lile katika shule ile, kabla wala baada. Nilisimama pale ukutani nikalisikiliza mpaka mwisho.

Darasa la tatu walirudi nyumbani wakasema leo zamu yetu imechukuliwa.

Unajua mwenyewe anayefungulia maji zamu ya mwenzake huku kwetu anafanywa nini. Hapigwi, hafungwi. Anaitwa mbele ya watu wa mfereji, anatoa mbuzi na chungu cha pombe ya miwa, wazee wanakula, mambo yanaisha. Yanaisha kwa mwenye shamba, kwa sababu kesho na yeye atakula mbuzi wa mwingine. Kwa mwalimu hayaishi. Wakamwita Nyambu pale pale shuleni, chini ya ule mkaratusi wenye waya wake, na watoto wake wa darasa la sita wakitazama madirishani. Mzee Mwakio hakuwa mkali hata kidogo. Aliuliza kwa upole kama ile ilikuwa zamu yake. Nyambu akasema kwa mpango wa mfereji haikuwa yake, kwa ratiba ya Nairobi ilikuwa yake. Akageuka akanitazama.

Mzee Mwakio naye akanitazama. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe ndiye mkubwa hapa. Mtu huyu amechukua kisicho chake, au amechukua chake?"

Mwanangu, neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Wale wazee wangelalamika, wangegonga fimbo, wangeninunia mpaka mvua za vuli, lakini wangesikia, kwa sababu aliyewapa zamu ile ni mimi na mimi ndiye niliyeweza kuwaambia nimekosea, maji ni maji na redio ni redio. Mkubwa wa shule kazi yake ni hiyo. Kuzungusha kifundo cha redio hata mtoto ataweza, akifundishwa. Kusimama mbele ya watu wanaokupenda na kuwaambia kitu hiki hakitumiki hivyo, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na hakuna mwingine pale aliyeajiriwa kuifanya.

Nilitazama chini nikapangusa chaki vidoleni.

Akatoa mbuzi wake. Alikuwa naye mmoja tu, jike, alikuwa anamkama kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza. Neno mwizi likaanza jioni ile ile, kwa mzaha kwanza, mwizi wa zamu, halafu zamu ikaanguka njiani likabaki neno mwizi peke yake, halafu wasiojua wakaongeza redio. Ndivyo lilivyokufikia wewe limekamilika.

Betri ilikwisha kabla ya mwezi, maana tulikuwa tunaifungua kila siku kwa haki na usawa, hata siku zisizo na kipindi, darasa lenye zamu lisikilize nyimbo. Hakuna aliyechanga tena. Mtihani ulipofanywa, watoto wa Nyambu hawakufanya vizuri katika Kiingereza, na hapo tena nilinyamaza. Bwana wa elimu alipopita akaniuliza kama redio inatumika. Nikamwambia inatumika sana. Nilikuwa nimeshaihamishia nyumbani kwetu, nimeitandikia kitambaa cha maua. Nyambu akaomba uhamisho, akaulizwa anataka wapi, akasema mahali popote pasipo na mfereji. Wakampa Kishushe, ambako magari yenyewe ni ya kubahatisha na watu wanaoshuka ni wachimba mawe ya madini. Amekaa huko mpaka amekuwa huyo unayemwita mzee. Si mzee, Mwadime. Ni jua la huko.

Sasa wewe. Unaona nimekasirika na unadhani nimekukasirikia kwa sababu ya kejeli ile ya jana. Kejeli nimeshaisamehe. Kinachonichoma ni kufuli. Nimekutazama wiki nzima ukiranda mbao zile, ukipima, ukipuliza vumbi, na nilikuwa na furaha, nikasema huyu ana moyo na chombo hiki, hataogopa kama mimi. Na kweli huogopi. Chuoni walikufundisha, unaweza kuifungua na kuifunga gizani. Halafu ukaishia pale pale nilipoishia mimi, kwa njia nyingine. Mimi niliigawa mpaka ikawa haina faida kwa mtu yeyote, wewe unataka kuifungia mpaka iwe haina faida kwa mtu yeyote ila wewe. Mimi nilitaka kamati inipende. Wewe unataka wakuogope kidogo, useme mimi ndiye nimesomea. Sote wawili watoto hatukuwaza. Usiniambie ni kwa ajili ya wezi. Kishushe nani ataiba redio aende nayo wapi, aifiche wapi, atie betri gani? Mwizi uliyemtengenezea sanduku lile unamjua kwa jina, na nimeshakuambia si mwizi.

Nimeanza kuhubiri, na niliapa sitahubiri. Baba yako angesema nimekaa darasani mno.

Nilichotaka ukijue ni hiki tu, kwamba huko unakokwenda kuna mtu mmoja katika wilaya nzima hii ninayemjua kwa masikio yangu kwamba anaweza kukaa na redio na darasa, somo likaingia. Nililisikia kwa ukuta. Umepewa redio, na umepewa mtu huyo, katika shule moja, bahati ambayo mimi pia nilipewa. Ratiba mwachie yeye. Akikuita uje usikilize somo lake, nenda ukae nyuma na wanafunzi, hata kama suruali itaingia vumbi. Kamati ya huko ikija na mgawanyo wake, na watakuja nao, watu wa ng'ombe nao wana zamu zao kisimani, usiwacheke na usiwakubalie. Waeleze. Ukiwa hujui, mwambie Nyambu awaeleze, na wewe simama karibu naye. Simama karibu naye, waone wote kwamba umesimama karibu naye. Ufunguo ule ukimpa utakuwa umenitii, ukikaa nao shingoni mimi sitakuja huko kuuvua. Wewe ndiye mwalimu mkuu.

Lakini mbuzi nitakulazimisha.

Yule mbuzi nimemnunua kwa mama mmoja wa huku juu, nimemchagua mwenyewe, jike, anakamwa. Nimeshasema na dereva wa lori, amecheka sana lakini amekubali. Utapanda naye kesho pale Mwatate, utaishika kamba wewe, si utingo, na mkifika utashuka naye, na suruali yako hiyo iliyopigwa pasi mara tatu. Watu watacheka. Wacha wacheke. Nyambu alichekwa na shule nzima, wewe utachekwa na vijana watatu wa madini.

Usimpe faraghani. Mbuzi wake alichukuliwa mbele ya watu, na mbele ya wanafunzi wake. Ngoja siku ya kwanza kamati itakapokuja kukuona, watoto wakiwepo, umkabidhi kamba mkononi, na umwite Mwalimu.

Kuna jambo moja sijalisema, nimelizungusha barua nzima. Unajua faini ya mfereji hugawanywa. Wazee wanakula, na mkubwa wa mahali pale hupelekewa fungu lake. Jioni ile Mzee Mwakio alimtuma mkwewe mpaka mlangoni kwetu na paja la yule mbuzi, limefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Ningeweza kulirudisha. Niliwasha moto nikalipika. Kesho yake wewe ulirudi likizo na njaa yako, ukausifu mchuzi wake, ukaniambia hujala nyama laini kama ile tangu uende bweni, nami nikakuongezea.

Basi na wewe ulikula, mwanangu, na hukujua. Kwa hiyo shika kamba vizuri. Akikuuliza mbuzi huyu ni wa nini, mwambie mama yako amesema Jumanne ile ilikuwa zamu yake.

Mimi mama yako,
ninayekuona hapa dirishani ukimalizia makaa yangu.